Bahari Ndani ya Miwani: Maswali Yenu Kuhusu VR na Matibabu ya Saratani

Katika toleo lililopita tuligusia kwa mistari michache miwani ya uhalisia pepe, ile ambayo wengi wanaiita VR tu, na jinsi inavyomwonyesha mgonjwa wa saratani bahari au msitu huku amekaa na dripu yake ya kemo, yaani dawa za saratani. Barua zimekuja kutoka Lamu, Malindi na Watamu. Hizi hapa nane, pamoja na majibu ya dawati letu la afya.

Mama yangu anapata kemo Mombasa. Kutoka Shela, kisiwani Lamu, ni mashua hadi Mokowe, kisha basi, na akifika anakaa na dripu saa nne nzima. Mpwa wangu ana miwani ya VR ya kuchezea gemu, ataka kumwonyesha bibi yake bahari. Yasaidia kweli, au ni mambo ya vijana? (Binti yake, Shela)

Yasaidia, ila tuelewane yasaidia nini. Haipunguzi uvimbe wala haibadilishi kazi ya dawa. Kazi yake ni kumwibia mgonjwa umakini: ubongo ukijaa mawimbi na sauti za ndege, sindano na harufu ya wodi hubaki na nafasi ndogo.

Wazo lenyewe si geni. Katika miaka ya 1990 Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walianza kuwavalisha miwani wagonjwa walioungua wakati wa kusafishwa vidonda, wakiwaingiza katika dunia ya kompyuta (baadaye ikawa ile ya theluji), na maumivu yakapungua kwa muda ule. Upande wa kemo, Susan Schneider, muuguzi mtafiti wa Marekani, aliwapima wanawake wenye saratani ya matiti katika utafiti uliochapishwa 2004, kisha wagonjwa wa saratani mbalimbali katika utafiti wa 2007. Jambo lililojirudia ni moja: waliovaa miwani walikisia kwamba dripu ilichukua muda mfupi kuliko saa ya ukutani ilivyosema. Lakini walipoulizwa siku mbili baadaye, dalili zao zilikuwa zile zile. Kwa hiyo mtarajie mama afupishiwe saa nne za kiti. Kichefuchefu cha usiku kina dawa zake, na VR haimo.

Mwulize kwanza kama ataka. Mtu mzima kufunikwa macho mbele ya watu wasiomjua si jambo dogo, na akisema hapana, basi ni hapana. Kisha mwulizeni muuguzi kabla ya kuitoa kwenye mkoba. Asivae mwenye kifafa, mwenye saratani iliyofika kwenye ubongo, aliyepasuliwa jicho karibuni, mwenye kidonda au mkanda wa jeshi usoni, wala anayechanganyikiwa asijue alipo. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo amwulize daktari wake, kwa kuwa miwani na rimoti zake zina sumaku na mawimbi ya redio.

Nilivalishwa miwani nikaonyeshwa safari ya mashua. Dakika tatu tu, moyo ukanichafuka, nikatapika. Mimi ni mtoto wa mvuvi, sijawahi kulewa bahari. Imekuwaje? (Mgonjwa, Malindi mjini)

Ndani ya mashua ya kweli macho yako yaona wimbi, na sikio la ndani, lenye kipimo cha mwendo, lahisi wimbi lile lile. Vyote viwili vyakubaliana, nawe umezoea tangu utotoni. Kwenye miwani, macho yanasema twapanda twashuka, sikio linasema tumekaa kwenye kiti cha plastiki. Ubongo hauupendi mgongano huo, na mwenye kemo mwilini tayari ana tumbo linalongoja kisingizio. Kwa hiyo uzoefu wako wa bahari haukuwa na pa kushika.

Kosa lilikuwa la aliyechagua video. Kanuni ni hii: kamera isimame, dunia ndiyo itembee. Mawimbi yaje ufukweni, ndege wapite, majani yacheze, lakini mstari wa upeo wa macho ubaki umelala kama ulivyo. Anayeandaa aitazame video yote mwenyewe kabla ya mgonjwa. Upeo ukiinama hata mara moja, aifute. Gari, mashua, droni na mtu anayetembea na kamera mkononi, vyote viwekwe kando.

Ikitokea tena, vua mara moja, fumba macho, kisha tazama kitu kilichotulia, kama fremu ya dirisha. Siku hiyo usirudie. Na mwambie muuguzi umetapika. Asije akaandika kuwa ni miwani kumbe ni dawa.

Kuna jambo jingine ambalo wauguzi wa kemo wanalijua kwa upande wa chakula. Mgonjwa akila biriani kabla ya siku mbaya, biriani inaweza kumchukiza kwa miezi. Hatuoni sababu ya mandhari kusalimika na tabia hiyo ya ubongo. Kama kuna pwani uliyokulia na unaipenda, usiitazame siku ambayo tumbo limechafuka. Siku hiyo tazama bustani yoyote isiyo yako.

Sisi ni wodi ndogo ya kutwa. Tumepewa miwani mbili. Tuivalishe wakati gani wa dripu, kwa muda gani, na kitu gani kinaweza kuharibika? (Muuguzi, Malindi)

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo penye hatari.

Usianze miwani pamoja na dawa. Dawa za kemo za paklitakseli na dositakseli zikimkataa mgonjwa, mara nyingi ni ndani ya dakika kumi za mwanzo, hasa mzunguko wa kwanza au wa pili: uso unaiva, kifua kinabana, mgongo unauma. Uso uliofunikwa hauonekani ukiiva. Mwache robo saa hadi nusu saa dawa ikiwa inaingia, pima presha, ndipo umvalishe.

Hatari ya pili iko mkononi. Doksorubisini, ile nyekundu, na vinkristini zikivuja nje ya mshipa zinaunguza nyama. Kinga ya kwanza ni mgonjwa kusema "hapa panachoma", na miwani inafanya kazi hasa ya kumsahaulisha panapochoma. Dawa hizo zikipitishwa kwenye kanula (mrija mdogo wa dripu) ya mkononi, miwani ibaki mezani mpaka zimalizike. Kwa dawa nyingine, mkono wenye kanula uwe juu ya mto, wazi bila leso wala shuka, na muuguzi autazame kila dakika tano. Anayesema hana nafasi ya kutazama kila dakika tano hana nafasi ya kutumia miwani siku hiyo, na si aibu.

Namna ya kuvalisha: kiti au kitanda kiinuliwe mgongo kati ya nyuzi 30 na 45. Nawa mikono. Mvike kofia nyepesi ya pamba au kitambaa, maana ngozi ya kichwa kilichonyonyoka nywele inauma ikiguswa na mkanda. Anza na uso, kisha vuta mkanda kwenda kisogoni. Ule mkanda wa juu ya utosi ndio unaopaswa kubeba uzito. Ukiulegeza, uzito wote unaangukia mashavu. Meta Quest 2, aina mojawapo ya miwani hii, ina gramu 503, yaani nusu kilo ya sukari iliyoning'inia puani. Kwa mwenye chembe chache za kugandisha damu, shinikizo hilo linaacha alama za bluu, kwa hiyo kwake ipunguzwe iwe dakika tano au iachwe.

Mwombe asome maandishi ya kwanza kwenye skrini. Akiona mawili mawili, lenzi haziko sawa na macho yake. Kwenye Quest 2 zinasogezwa kwa mkono katika nafasi tatu, milimita 58, 63 na 68. Akisema anaona mbingu tu, au bahari imekwenda miguuni, video haikuwekwa katikati. Kwenye Quest shikilia kwa sekunde chache kile kitufe chenye nembo kwenye rimoti ya kulia wakati yeye anatazama mbele, nayo itajipanga upya. Kisha chukua rimoti zote mbili uziweke mfukoni mwako. Mgonjwa hana haja nazo, na mkono unaotafuta kitufe gizani ndio unaong'oa kanula.

Kamera za miwani zinahitaji mwanga ili zijue zilipo. Mkifunga mapazia yote ili mgonjwa apumzike, picha itaanza kuteleza. Acheni taa moja.

Mara ya kwanza, dakika 10. Akizoea, 20, na isizidi 30 kwa mkupuo. Sauti iwe ndogo kiasi cha kusikia akiitwa jina. Kabla hamjaanza mpatane ishara: yeye akiinua mkono usio na sindano, vua bila kuuliza; wewe ukitaka kusema naye, mguse bega kwanza, ndipo useme. Kumshika ghafla mtu aliye ufukweni peke yake kunamshtua kweli kweli. Na beseni la kutapikia likae pale pale kiganja chake kinapofika, umwonyeshe kwa kumgusisha kabla hajafunikwa macho.

Kwa wanaochomwa mionzi, miwani ni ya chumba cha kusubiri tu. Juu ya mashine mgonjwa hapaswi kusogea hata kidogo, na wa kichwa au shingo ana ngozi isiyotaka kuguswa na mkanda wowote.

Miwani moja inapita nyuso kumi kwa siku. Mume wangu chembe zake nyeupe za damu ziko chini. Je, si kumletea maradhi? (Mke, Watamu)

Wasiwasi wako una msingi. Chembe nyeupe huwa chini zaidi takriban siku ya 7 hadi ya 14 baada ya kemo, na ile sponji nyeusi inayogusa uso inanyonya jasho kama sponji yoyote. Sponji haisafishiki sawasawa. Waulize kama wana kifuniko cha silikoni. Hicho kinavuliwa, kinaoshwa kwa sabuni na maji, kinapanguswa kwa spiriti ya asilimia 70 na kuachwa kikauke chenyewe. Juu yake huwekwa karatasi ya kutupa, moja kwa kila mgonjwa. Mikanda hupanguswa pia. Lenzi haziguswi na spiriti wala maji, ni kitambaa kikavu laini cha kufutia miwani, kwa mizunguko kutoka katikati kwenda pembeni, kwa sababu spiriti inakula utando wa juu na picha inabaki na ukungu milele.

Wakiwa na sponji tupu, mwambie mumeo akatae kwa adabu. Au nunueni kifuniko chenu cha silikoni, mkibebe kwenye mfuko safi. Na akiwa na homa ya nyuzi 38, habari ya miwani iishe hapo, ni safari ya hospitali saa ile ile.

Nilimpelekea shangazi chungu cha asumini wodini, kikakataliwa mlangoni. Kisha wakamvalisha miwani yenye maua! Kuna mantiki gani? (Msomaji, Lamu)

Ipo. Udongo wa chungu una kuvu, na maji ya chombo cha maua yakikaa siku mbili yanafuga bakteria. Kwako si kitu, kwa asiye na chembe nyeupe ni nimonia. Ua la kwenye miwani halina udongo, ila pia halinukii. Msijaribu kulipa harufu kwa kuchoma udi wala kunyunyiza marashi. Kwa mwenye kemo harufu ndiyo adui wa kwanza.

Kama wodi yao ina dirisha linalotazama mti, mwombeeni kitanda hicho kabla ya miwani. Katika utafiti uliochapishwa 1984, mtafiti Roger Ulrich alilinganisha wagonjwa waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, nusu yao dirisha likitazama miti, nusu likitazama ukuta wa matofali. Wa miti walitoka mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Dirisha halina betri.

Napiga picha za watalii, nina kamera ya nyuzi 360. Nataka kuwarekodia wagonjwa wetu hori ya Mida, magofu ya Gede na ufukwe wa Shela badala ya misitu ya Ulaya. Nizingatie nini? (Kijana, Watamu)

Wazo zuri, na kwa maoni yetu mgonjwa wa hapa hatulizwi na misonobari asiyowahi kuiona.

Kwanza hesabu. Kamera yako ikirekodi 5.7K, pikseli 5,760 zimetandazwa duara zima. Jicho ndani ya miwani linaona kama robo ya duara, yaani pikseli 1,440 hivi. Ndiyo maana jahazi la mbali huonekana kama mdudu na bahari ya upeoni huwa ukungu. Usitegemee mandhari ya mbali. Weka kamera penye kitu kikubwa cha karibu, mita mbili hadi nne: shina la mbuyu wa Gede, mizizi ya mikoko, povu la wimbi linalofika na kurudi. Chini ya mita moja na nusu usiweke kitu, kitakatika pale picha za lenzi mbili zinapoungana.

Miguu ya kamera iwe fupi kuliko ulivyozoea. Lenzi ikae sentimita 110 hadi 120 kutoka ardhini, kimo cha macho ya mtu aliyeketi. Ukirekodi kwa kimo chako, mgonjwa kitandani atajiona anaelea.

Mida, nenda maji yakijaa, hasa siku za bamvu (maji makuu), mikoko ikiwa imesimama majini. Lile daraja la kamba litakutamanisha; liache, linayumba kwa kila anayepita, na umeshasoma hapo juu yaliyompata mtoto wa mvuvi. Tega kwenye ardhi ngumu pembeni. Kwa pwani ya Malindi, tazama kwanza rangi ya maji: mvua ikinyesha bara, mto Sabaki unaleta udongo mwekundu, na wakati wa upepo wa kaskazi unasukumwa kusini hadi ghuba ya Malindi. Siku hizo nenda Shela. Ndani ya hifadhi za KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) omba ruhusa kabla ya kufungua begi.

Saa ni kumi na mbili na nusu hadi saa moja na nusu asubuhi. Ikifika saa tatu jua ni kali, mchanga wa Shela unageuka sahani nyeupe inayoumiza macho. Rekodi dakika 12 bila kukata, kisha toa sekunde 30 za mwanzo na za mwisho zenye nyayo zako. Kumbuka kamera hii haina nyuma: ujifiche kweli, nyuma ya mti au bonde la mchanga. Wakipita wanawake wanaokwenda kuoga, simamisha, hata kama mwanga ni wa dhahabu.

Sauti inaharibika kuliko picha. Kipindi cha kusi, hasa Juni hadi Agosti, maikrofoni ya kamera husikia upepo peke yake. Rekodi sauti kando, kinasa kikiwa chini, kimefunikwa manyoya, mgongo wa tuta uwe upande wa upepo, kisha uiunganishe. Injini za boti zifutwe. Punda akilia mbali si kasoro, ni Lamu hiyo. Akilia kando ya kamera, mgonjwa ataruka na dripu yake.

Kwa megabiti 120 kwa sekunde, dakika moja ni megabaiti 900, na dakika 12 ni karibu gigabaiti 11. Usitegemee waifai ya hospitali. Toa faili la umbo la mbili kwa moja, pikseli 5,760 kwa 2,880, na jina lake liishie na _360, la sivyo kichezeshi kinaweza kulionyesha kama picha bapa iliyovutwa. Lipeleke kwenye miwani kwa waya, zima mtandao, ulicheze lote mwanzo hadi mwisho. Jioni, pangusa kamera kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo. Chumvi haingoji kesho.

Hatuna uwezo wa miwani ya bei. Simu ndani ya boksi la karatasi haitoshi? Na mtoto wa miaka minane aweza kuvaa? (Baba, Malindi)

Boksi latosha kwa kuonja, kama simu ina jairoskopu, yaani kihisi kinachojua simu imegeuka. Jaribu hivi: fungua video ya nyuzi 360, geuka, picha isipogeuka nawe, simu haina. Boksi halina mkanda, na ni bora hivyo, kwa sababu mkono ukichoka mgonjwa analishusha mwenyewe. Dakika tano hadi kumi, na simu isiwe kwenye chaji maana itachemka. Karatasi haioshwi, kwa hiyo boksi moja, mgonjwa mmoja.

Kuhusu mtoto, Meta, watengenezaji wa Quest, wenyewe wameweka umri wa chini kuwa miaka 10. Wako mtafutie tableti ya kawaida na video ile ile, aizungushe kwa kidole. Kwa umri huo kuzungusha kwenyewe ni nusu ya raha.

Kwenye miwani ya wodi yetu kumetokea madoa ya manjano na meusi ndani ya picha. Tumefuta, hayatoki. (Mhudumu, Lamu)

Hayatatoka. Miwani ilikaa lenzi zikitazama dirisha. Lenzi hizo ni kioo cha kukuzia: jua likipenya, hukusanywa kuwa nukta moja na kuiunguza skrini, na dakika chache zatosha. Bado itawaka, lakini doa litakaa juu ya kila bahari mtakayoonyesha. Inayofuata ikae lenzi zikitazama chini juu ya kitambaa, ndani ya sanduku lenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Sanduku lisiwe kwenye sehemu ya dirisha wala juu ya friji ya dawa.